Gundi ya Muhogo Juu ya Ramani

Vijana wa chumba cha ramani, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya mashine zenu. Nitaandika, ila msitafute humu habari za vyeo wala mishahara; vya kwangu havitoshi kujaza nusu ukurasa. Kazi yangu ilikuwa kubandika majina mapya ya nchi juu ya majina ya zamani, na miaka mingi niliifanya kwa hofu. Leo mkikosea jina mnabonyeza kidude, linafutika, na hakuna anayejua kwamba liliwahi kuwapo. Kwetu jina la zamani halikufutika. Lilibaki palepale, chini ya kipande cha karatasi chembamba kama ganda la kitunguu.

Karakana yetu ilikuwa jengo refu la matofali mjini kati, hapa Lubumbashi, nyuma ya maduka na benki. Ilitengeneza ramani za ukutani, zile za kitambaa zenye ufito juu na chini, kwa ajili ya shule na ofisi za mkoa mzima. Nilikuwa msichana wa familia ya Kasai, mzaliwa wa Kamalondo, niliyetoka kwa masista na mwandiko mzuri, na sidhani walinichukua kwa sababu nyingine yoyote. Asubuhi ya kwanza nilipokelewa na msimamizi, Papa Mwansa, mzee wa hapahapa ambaye babu zake walilima mtama mahali ambapo baadaye palichimbwa migodi. Hakuangalia diploma yangu. Alinifungulia ramani ya Amerika mezani akaniuliza swali.

"Mulima gani njo iko mbali kupita yote na katikati ya dunia?"

Nikasema Everest, haraka, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufaulu.

"Apana. Everest njo murefu, kama unapimia kwenye bahari. Lakini dunia iko na tumbo, haiko mviringo sawasawa. Chimborazo, kule Ekwadori, inakaa juu ya tumbo. Njo ile inapita yote." Akanipa brashi. "Sasa unajua kitu kimoja cha Amerika. Utaichunga."

Ndivyo kazi ilivyogawanywa kwetu: kila mtu na bara lake. Papa Mwansa hakuamini kwamba mtu anaweza kubandika jina la mahali asipopajua, kwa hiyo kabla hujaruhusiwa kugusa gundi ulipaswa kumweleza bara lako kwa mdomo, wewe umesimama, yeye akisafisha kalamu. Nilimweleza kwamba Bolivia haina bahari lakini ina jeshi la wanamaji, na kwamba meli zake zinazunguka katika ziwa Titicaca. Nilimweleza habari za maporomoko ya Angel kule Venezuela, yanayoanguka kutoka juu sana hata maji mengi yanageuka ukungu kabla ya kufika chini, na za jangwa la Atacama, ambako kuna mahali mtu anaweza kuzeeka bila kuona mvua ya maana. Aliitikia kwa kichwa tu. Ukimpendeza hakukusifu, alikupa kalamu nyembamba zaidi.

Afrika ilikuwa ya Kapend. Alikuwa Mlunda wa upande wa Sandoa, mrefu, mwenye maneno mengi, aliyenitangulia kazini kwa miaka michache. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, naye aliniita Mademoiselle Bolivia, mpaka serikali ilipokataza mademoiselle na kutaka sote tuitwe raia, nikawa Citoyenne Bolivia. Alijivunia bara lake kana kwamba amelichonga mwenyewe. Ukimwambia Nile ni mrefu kuliko mto wetu, hakubisha, alikusubiri tu umalize.

"Urefu ni kitu gani?" alisema. "Mito ya benzetu inakaukaka. Wetu apana. Unakata ikweta mara mbili. Kama upande huu ni kiangazi, upande ule mvua inanyesha. Utakauka namna gani?"

Alipenda pia kutuonyesha ule mguu wa mkoa wetu unaoingia ndani ya Zambia, hata malori ya Zambia yakitaka kutoka upande mmoja wa nchi yao kwenda mwingine kwa njia ya mkato, yanapita kwetu. "Banapita mu salon yetu," alisema, "na hatubapatie hata kiti." Alijua kwamba Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, Baikal la Siberia peke yake likilipita, na kwamba Lesotho imezungukwa pande zote na nchi moja, mfano wa mtu aliyenaswa katikati ya msongamano. Nimefanya kazi na watu wengi baada yake. Sikumpata tena mtu aliyefurahia kazi hii hivyo.

Kisha majina yakaanza kubadilika. Miji ilikuwa imeshabadilika kabla sijafika, lakini sasa redio ilitangaza jina jipya la nchi, na mto ukapewa jina hilohilo, ambalo pesa ilikuwa nalo tayari. Baadaye mkoa wetu wa Katanga ukawa Shaba. Ziwa moja la kaskazini lilipewa jina la Mkuu wa Nchi mwenyewe, na siku hiyo Kapend aliandika kile kipande mara tano kabla ya kuridhika na herufi. Ramani zilirudi karakanani kwa mikokoteni. Mwalimu mmoja wa Likasi alileta ya kwake ameifunga ndani ya shuka kama mgonjwa, kwa sababu ilikuwa na jina la zamani na njiani kulikuwa na vizuizi vya askari.

Mimi huku Amerika nilikuwa na vitu vichache: Honduras ya Waingereza imekuwa Belize, Guyana ya Waingereza ni Guyana tupu, ile ya Waholanzi ni Surinam. Wenzangu wa Asia walikuwa na Ceylon iliyogeuka Sri Lanka. Nani angefungwa kwa ajili ya Belize? Nilimwonea Kapend huruma na, niseme kweli, nilishukuru kwamba Amerika iko mbali.

Namna ya kubandika ilikuwa hivi. Hukukwangua jina la zamani, maana kitambaa kingetoboka. Ulikata kipande cha karatasi nyembamba, ukakipaka rangi ya ardhi iliyo chini yake, njano ya jangwa, kahawia ya milima, kijani ya msitu, ukaandika jina jipya kwa wino mweusi, ukapaka gundi nyuma, ukakigandamiza kwa mgongo wa kijiko. Kikikauka, mtu aliyesimama hatua chache hakuona kitu. Mwishoni ulitia alama yako kwenye kona ya chini. Papa Mwansa alidai alama hiyo ni heshima ya fundi. Baadaye tuligundua ina matumizi mengine.

Gundi nzuri ilitoka nje ya nchi, na vitu vya nje vikaanza kuadimika. Tukapika yetu, ya unga wa muhogo, kwenye jiko la mkaa uani. Ilishika vizuri sana. Papa Mwansa alitia ndani yake mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba ambayo mjini kwetu haikuwa shida kuipata, kwa sababu ni sumu na wadudu hawaisogelei. Lakini mrututu ulipenya kwenye karatasi, na baada ya wiki Sahara ikawa na mabaka ya kijani. Mkurugenzi wetu, mtu nadhifu aliyependa vitu vionekane sawa, alikuja na ramani mkononi.

"Citoyen Mwansa, mi niliomba désert. Munaniletea shamba."

"Ni dawa, Citoyen Directeur. Bila dawa, hii colle ya muhogo iko chakula."

"Basi muangalie kusikuwe mwenye njaa."

Tuliacha mrututu. Ramani zikatoka safi, jangwa likawa jangwa, na mkurugenzi akaridhika. Sisi watu wa nchi ya shaba, tuliokanyaga shaba kila siku, tulipika bukari, ugali wetu wa kila siku, na kuitundika kwenye kuta za mkoa mzima, mahali penye giza na joto nyuma ya kitambaa. Kwa mende ilikuwa karamu, na hatukuisikia ikiliwa.

Vita vilipokuja upande wa Kolwezi, walioingia kutoka Angola, wengi wao Walunda, walijiita kwa jina la zamani la mkoa. Basi neno hilo likawa si neno tena. Likawa kosa. Watu walijifunza kulikwepa mdomoni. Mama yangu, akitaka kusema ya zamani, alisema "wakati ule" na kuangalia dirisha. Walunda waliulizwa wanatoka wapi kwenye foleni ya mkate, na wengine hawakurudi kwenye foleni. Kapend akapunguza maneno. Hakututania tena, na mlango ulipofunguka kwa nguvu aliweka kalamu chini kwanza ndipo ageuke. Nami nilianza kufika kazini mapema, nione kama ameketi mahali pake.

Walikuja saa za kazi, wanaume wawili wa usalama, mmoja na ramani iliyoviringishwa kwapani. Walisalimia vizuri. Waliifungua juu ya meza ya Papa Mwansa na sote tukaona. Ilikuwa Afrika, kutoka chumba cha kungojea cha ofisi moja kubwa ya serikali. Kwenye kona yetu ya kusini-mashariki kipande kilichoandikwa SHABA kilikuwa kimeliwa, zimebaki kingo tu zenye meno madogo madogo, na katikati, nyeusi na safi kana kwamba limeandikwa jana, lilisomeka KATANGA. Mgeni mmoja alikuwa amelisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingojea.

"Ni nani mwenye kubandikaka Afrika hapa?"

Mmoja wao akainama, akasoma alama kwenye kona ya chini.

"K. ni nani?"

"Njo mimi, chef," alisema Kapend, akasimama.

"Jina lote."

Akalitaja. Yule mwingine akarudia polepole, "Kapend," na akatazamana na mwenzake, na nikaelewa kwamba kwao jina hilo la Kilunda limeshajibu swali. Papa Mwansa alifungua mdomo. "Chef, ile ni ba mende," akaanza, na mkurugenzi, aliyekuwa ameshuka kuona kuna nini, akamshika mkono kwa nguvu hadi akanyamaza. Nilimchukia mkurugenzi kwa hilo, lakini nilielewa. Ungesemaje mbele ya watu wale kwamba jina alilotoa Mkuu wa Nchi limeliwa na mende? Lilikuwa kosa jingine juu ya la kwanza. Wakamwambia Kapend atarudi sasa hivi. Aliacha koti lake kwenye kiti.

Kesho yake asubuhi mke wake alikuwa mlangoni na sahani ya bukari na sombe ya majani ya muhogo, iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amezunguka kila mahali alipoambiwa labda yuko, na kote walimjibu hawamjui. Kwa hiyo aliileta sahani kazini, mahali pa mwisho ambapo mtu aliwahi kumwona. Alikaa nayo kwenye ngazi mpaka mchana, akaondoka nayo, na siku iliyofuata akarudi na nyingine ya moto. Tulimpita tukiingia, tukimsalimu, bila kuthubutu kumwangalia mikono.

Mkurugenzi alitukusanya akafunga mlango. Alisema ramani zetu ziko kila mahali, na kama moja imeliwa, zote zitaliwa. Papa Mwansa na mimi tuchukue kopo la gundi, safari hii yenye mrututu, na vipande vipya, tupite shule zote za mji na kufunika kila kilichofunuka kabla watu wale hawajapata wazo la kupita wenyewe. Alisema kwa sauti ya chini, na shati lake nadhifu lilikuwa limelowa mgongoni. Nadhani alikumbuka maneno yake kuhusu mwenye njaa. Hakumtaja Kapend, na hakuna aliyemtaja.

Basi tukapita, tukianzia mtaa wa Karavia. Walimu walitupokea kama watu wa serikali, kwa hofu, nasi tuliwaogopa wao zaidi. Nilipanda kwenye madawati mbele ya watoto na kufunika. Mende walikuwa wamekula bila ubaguzi: Sri Lanka, Benin iliyokuwa Dahomey, Botswana. Kwenye ramani moja walikula jina la mto wetu nusu, la zamani likatokeza upande kama mguu nje ya blanketi. Nililifunika haraka hata herufi zikakaa upande, na mwalimu aliyesimama nyuma yangu alijifanya anafuta ubao.

Katika shule moja ya mtaa wa Golf, kwenye chumba kilichojaa mwanga kutoka bustanini, tulikuta ramani ya Amerika. Belize imeliwa, na Guyana, na Surinam yote. Chini yake Waingereza na Waholanzi walikuwa wamerudi bila kuitwa. Kwenye kona ya chini kulikuwa na alama yangu. Nilichovya brashi.

"Usipake," alisema Papa Mwansa.

Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakimfikia kifuani. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu Karavia na sikutaka kulisikia. Kila kipande tulichofunika kilikuwa ushahidi. Ramani zilizoliwa zilionyesha kwamba hakuna mtu aliyebandua kile kipande cha Shaba, kwamba mende walikula kila jina la kila nchi. Tukizitengeneza zote, itabaki moja tu iliyoliwa katika mkoa mzima, na iliyoliwa hiyo itakuwa ya Kapend. Tulikuwa tunamzika kwa brashi.

"Tupeleke ya Afrika basi," nikasema.

"Ya Afrika iko na jina la inchi, na la muto. Tutaingia sisi wote, na Kapend hatatoka." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Hii haina hata jina moja la kwetu."

"Iko na alama yangu."

"Njo vile."

Aliniachia uamuzi. Nilijua hataichukua mwenyewe. Kule Golf, ndege wakiimba nje na bustani ikimwagiliwa, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Niliwaza mwanamke mwingine akiketi kwenye ngazi na sahani, na mwanamke huyo alikuwa mama yangu. Niliwaza pia kwamba hakuna atakayejua. Nikipaka tu, Papa Mwansa hatasema neno, tutarudi nyumbani.

"Papa, mi naogopa."

"Na miye. Miye naogopa kukupita, juu ya kuwa miye njo nitaongea."

Nikaishusha ukutani. Hata leo sijui kama ulikuwa ujasiri. Mikono ndiyo iliyofanya, mimi nilikuwa bado nafikiri.

Ofisi ya wale waliomchukua Kapend ilikuwa ghorofani mjini kati. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, ramani imelala magotini mwetu, kopo la gundi ya zamani, ile isiyo na mrututu, miguuni. Watu walipita na faili na hakuna aliyetuuliza. Nilitaka kwenda haja na sikuthubutu kuuliza ni wapi. Mchana umeshasogea tukaitwa kwa mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi na sauti ya mwalimu wa dini. Alitukaribisha viti. Alimuuliza Papa Mwansa habari za afya yake. Heri angetufokea.

Tulimweleza tulichokuja nacho. Akaomba tuifungue sakafuni, akavua viatu asije akaichafua, akaanza kutembea juu ya ramani yangu kwa soksi. Alivuka Brazili. Akasimama.

"Hapa ni wapi?"

"Belize, chef," nikasema. "Zamani Honduras ya Waingereza."

"Na ba mende bako na matata gani na Belize?"

Papa Mwansa akanijibia. "Habana matata na muntu, chef. Bako na njaa."

Akafungua lile kopo. Akachota gundi kwa kidole, akaitia mdomoni, akatafuna polepole na kumeza, kisha akalisogeza kopo mbele ya yule mkubwa kama mtu anayemkaribisha mgeni. "Ni bukari ya muhogo. Iko ya zamani kidogo. Lakini inalika." Mkubwa aliliangalia kopo, akamwangalia Papa Mwansa.

"Nani alisema mupike bila dawa?"

Hilo ndilo swali ambalo hatukulipangia jibu. Ukweli ulikuwa jina la mkurugenzi. Tungelitaja, Kapend angetoka na mwingine angeingia, na yule mwingine naye alikuwa na mke na sahani nyumbani.

"Dawa ilikuwa inageuza jangwa kijani, chef," alisema Papa Mwansa. "Sisi wote tuliona haifae."

"Sisi wote." Akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Na mimi," nikasema.

Alirudi kutembea. Alifika Bolivia akainama. Akauliza kama ni kweli, kama alivyosikia shuleni, kwamba hawa watu wana wanamaji na hawana bahari. Nikamwambia ni kweli, nikamweleza juu ya Titicaca, kwamba liko juu sana milimani, hata mgeni akipanda ngazi huko anahema. Akacheka, kicheko kizuri cha mtu anayefurahia somo. Sijawahi kusikia kitu kibaya zaidi. Akavaa viatu, akasema ramani itabaki kwake, na kwamba tunaweza kwenda. Kuhusu Kapend hakusema ndiyo wala hapana. Tulishuka zile ngazi tukishikana mikono, mzee na mimi, kama watu wanaovuka mto.

Siku kadhaa zikapita. Mke wa Kapend aliendelea kuja. Kila gari lililosimama nje lilinifanya niweke kalamu chini, kama alivyokuwa akifanya yeye. Mkurugenzi alipogundua kwamba tulikwenda kule, alimwita Papa Mwansa ofisini, na sauti yake ilisikika mpaka uani. Kisha akaelezwa swali lililoulizwa na jibu lililotolewa, na sauti ikakatika. Hakutusumbua tena. Asubuhi moja tuliingia tukakuta ngazi ni tupu, na ndani, kwenye kiti chenye koti, ameketi Kapend.

Sikujua kama ramani yangu ndiyo iliyomtoa au walimchoka tu. Hakutuambia, nasi hatukuuliza. Miaka ile kuuliza ilikuwa namna ya kumuumiza mtu mara ya pili. Alikuwa amekonda na alisalimia kila mmoja kwa jina. Nilipoweka chai mbele yake, alichukua kikombe kwa mkono wa kushoto, naye alizoea kutumia mkono wa kulia. Mkono mwingine ulibaki mapajani chini ya meza. Nilikwenda uani nikalia karibu na jiko la gundi, nikarudi.

Papa Mwansa alimfungulia Afrika, mpya kabisa, ambayo haijaguswa. Kapend aliitazama kutoka kaskazini mpaka alipofika nchi yetu, hapo macho yakaruka, yakaendelea kusini. Akaisukuma taratibu kwa kiwiko.

"Papa, kuko inchi yenye haina bantu?"

Mzee akafikiri kama alivyofikiria swali lolote la kazi. "Iko moja. Chini kabisa."

"Nipatie ile."

Hakuna aliyewahi kuichunga Antaktika. Kwenye ramani zetu ilikuwa ukingo mweupe tu uliokatwa na ufito wa chini, na katika karakana hatukuihesabu kuwa bara la mtu. Kapend aliisoma upya kama alivyosoma Afrika zamani. Alitueleza, kwa sauti ya chini na bila utani, kwamba ndiyo jangwa kubwa kuliko yote duniani, kuipita Sahara, ijapokuwa ni ya barafu. Kwamba barafu yake mahali pengine ina unene wa kilomita kadhaa, na chini yake kuna milima ambayo hakuna aliyeiona. Kwamba jua likizama huko kwenye ncha, linakaa miezi halijachomoza. Na kwamba nchi kubwa zilitia sahihi zote pamoja kwamba hakuna jeshi litakalopigana huko. Hapo alirudia. Hakuna jeshi.

Lakini hata huko wazungu walikuwa wameandika majina: ardhi ya malkia huyu, ardhi ya mfalme yule, pwani ya nahodha fulani. Kapend alikuwa anajifunza kushika brashi kwa mkono wa kushoto. Alichukua rangi nyeupe na kuyapitia moja baada ya jingine, hakubandika kitu, alipaka tu, na ilipokauka akapaka tena, mpaka pakawa hakuna la kusomeka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ilimchukua wiki nzima. Siku ya mwisho akaita msimamizi aje kukagua.

Papa Mwansa, ambaye tangu nimjue hakuwahi kuruhusu ramani itoke mlangoni ikiwa imekosa hata jina la kisiwa, alipitisha kidole juu ya ule weupe kama anayetafuta jina. Kisha akaiviringisha, akaifunga kamba, akasema imekwisha.